Rejeta Iliyopata Moto Chini Tu

Sisi tuliokulia Guangzhou, kusini mwa China, miaka ya tisini ikielekea mwisho tunaijua baridi ambayo watoto wetu wanaisikia midomoni mwetu tu. Haikuwa na theluji. Ilikuwa baridi ya unyevu, inayopenya mpaka kwenye godoro, kuta zinatoa jasho na soksi zinashinda kwenye kamba bila kukauka. Darasani tulivaa majaketi na bado vidole vilishindwa kushika kalamu. Jioni tulicheza rede uani na watoto wa Kichina ili damu itembee. Leo mwanangu akihisi kaubaridi anabonyeza rimoti, halafu analalamika kwamba rimoti nayo ina baridi.

Tulipanga mtaa wa Xiaobei: baba, mama, kaka yangu Elia na mimi. Baba alikuwa akinunua nguo soko la Shisanhang na kuzipeleka Mbeya. Nyumba yetu ilikuwa na kitu ambacho majirani hawakuwa nacho, rejeta za chuma ukutani, alizofunga mpangaji wa kabla yetu, mtu wa kaskazini, ambako kila nyumba huwa nazo. Boila ya gesi jikoni ilitakiwa kuchemsha maji yapite kwenye mabomba hadi vyumbani. Sisi hatukuwahi kuiwasha, kwa kuogopa bei ya gesi. Rejeta tulizianikia soksi.

Kisha mdogo wetu Neema akazaliwa kabla ya wakati wake. Mama alirudi naye kutoka hospitali amemfunga ndani ya khanga na blanketi, na daktari alikuwa amesisitiza kwamba mtoto asipatwe na baridi. Nilimshika miguu. Ilikuwa ya baridi kama vijiko.

Baba akawasha boila. Rejeta ya chumba cha mbele ikapata moto chini, juu ikabaki baridi. Akaongeza moto, hali ikawa ile ile. Akampigia simu mwenye nyumba atafute fundi, akajibiwa, "Meiyou," yaani hakuna. Hapo ndipo baba alipotaka kuingiza jiko la mkaa.

"Mkaa, Baba Elia? Na madirisha yote tumefunga?" mama alisema. "Moshi wake utatumaliza. Hebu mshike mtoto."

Akapiga magoti mbele ya rejeta, akapitisha kiganja polepole kutoka chini kwenda juu, vile alivyotupapasa tukiwa na homa.

"Maji yanafika, lakini hayapandi," alisema. "Huku juu pamejaa hewa. Zima kwanza hiyo boila."

Pembeni, juu kabisa, palikuwa na kiskrubu kidogo cha shaba. Mama akaleta bisibisi ya cherehani yake, akanipa bakuli nikinge, akakilegeza taratibu.

Rejeta ikapumua. Sina neno jingine. Ilitoa pumzi ndefu yenye harufu ya kutu, kama mtu aliyebana kifua miaka mingi. Kisha ikatema matone meusi, halafu maji yakatoka mfululizo. Mama akakaza. Baba akaongeza maji kwenye boila, akawasha tena.

Tuliweka mikono yote juu ya chuma kile tukangoja. Joto likapanda chini ya viganja vyetu, kimya, bila moshi wala mwali. Mimi nilijua joto la jua, la moto na la chai. Sikuwa nimewahi kuhisi ukuta ukipata joto kama mwili wa mtu. Elia alinong'ona, "Iko hai."

Kabla ya chakula cha jioni Neema alikunjua vidole vya miguu, na vilikuwa na joto. Baba akamgeukia mama.

"Nani alikufundisha?"

"Nimeishika tu," mama akasema, akaenda kusonga ugali.

Majira yale yote ya baridi tulihamishia magodoro chumba cha mbele, watu watano, tukisikia pumzi za kila mmoja. Sasa kila chumba kina kiyoyozi chake, na vijana wanafunga milango joto lisitoke. Tunalo joto la kutosha nyumba nzima. Ila sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulilala tukisikiana.