Sombe juu ya Santuri ya Kijani

Niseme mapema ili tusisumbuane: Lubumbashi nzima hakuna mtu mwenye santuri za rangi kama zangu. Wapo wenye santuri nyeusi walizorithi kwa baba zao, zimejaa mikwaruzo, zimerundikwa chini ya kabati pamoja na viatu. Mimi ninayo nyekundu, ninayo ya bluu yenye mawingu meupe, ninayo ya manjano ambayo ukiiinua dirishani unamwona jirani amegeuka embe bivu. Nilizinunua Brussels, moja moja, kwa jasho langu mwenyewe, enzi nilipokuwa nasugua sufuria katika kantini ya mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, huku nikisoma. Diploma nilirudi nayo nyumbani, ipo ukutani, ndani ya fremu. Santuri zilibaki kulekule Brussels, mtaa wa Laeken, kwa dada yangu, kwenye kabati la korido, zikisubiri niwe na sebule inayozistahili. Sasa ninayo.

Mkusanyaji wa kweli, na hili nawafundisha bure, hatoi santuri ya rangi kwenye mfuko wake wa nailoni. Nyeusi ni za kusikiliza. Za rangi ni za kumiliki. Ndivyo nilivyoitunza ile ya kijani, na hiyo hasa ndiyo niliyoifuata Brussels mwaka huu. Zile nyingine zingeweza kungoja tena. Ndani ya ile ya kijani mna sauti ya kaka yetu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Hatuna sauti yake mahali pengine. Simu iliyokuwa na ujumbe wake iliharibika, na katika video ya harusi yake tarumbeta zimezidi mpaka yeye anafungua na kufunga mdomo tu kama samaki.

Kulekule Brussels kaka aliimba besi katika kwaya ya parokia, lakini alipenda muziki wowote uliopigwa kwa nguvu, na aliniburuta kwenye maonyesho ya rege na panki jiji zima. Kwenye rege, vijana wa Kibelgiji wenye nywele za kusokota walitusogelea kwa unyenyekevu, wakiamini kwamba mtu yeyote kutoka Afrika amezaliwa na siri ya muziki ule. Mmoja alimuuliza kaka afanye nini ili roho yake iwe huru. Kaka, aliyekuwa bado amevaa koti la kwaya, alifikiri kidogo.

"Bon," akamwambia. "Anza na kuoga."

Kijana alimshukuru kwa mikono miwili.

Kwenye panki nilikwenda na tai na viatu vilivyong'aa, kwa sababu kwetu Katanga mtu haendi mbele za watu na mikunjo. Walinirukia vile viatu tangu wimbo wa kwanza. Kaka yeye hakuangalia viatu vyangu. Aliangalia suruali zao zilizochanika na kushikizwa kwa pini.

"Mudogo, ona," akanipigia kelele sikioni. "Kwabo hakuna sindano? Mama zabo beko wapi?"

Jioni moja, katika ukumbi nyuma ya mkahawa karibu na Flagey, bendi moja iliyochanganya panki na rege ilikuwa inarekodi onyesho lake. Waimbaji wenyewe walikuwa wembamba kama vijiti vya mshikaki. Katikati ya onyesho waya wa gitaa ulikatika, ukumbi ukanyamaza, na kutoka nyuma kabisa ikapaa ile besi ya kaka, nzito, yenye huruma na bia:

"Batoto, mulikula?"

Ukumbi ulilipuka. Walidhani ni kauli ya mapinduzi. Ngumi zilinyooshwa juu. Santuri ilipotoka, nayo ndiyo hii ya kijani, mpiga ngoma alitualika kwake tuisikilize, na ilipofika pale wote waliinamisha vichwa kama watu wanaosikiliza tamko la ukombozi. Kaka alikuwa anajiuma midomo kwa kuzuia kicheko. Nilinunua nakala yangu siku ileile na sikuitoa kwenye nailoni kamwe.

Basi mwaka huu nikatua Brussels, nikanunua mashine mpya ya kuchezea santuri ya kurudi nayo sebuleni, ndani ya boksi lake. Nilifika Laeken Jumapili mchana. Dada alikuwa na karamu ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Padri alikuwa amekwisha kukaa, na akina maman wa kwaya.

"Ah, Monsieur le Directeur!" dada akanipokea. "Karibu. Toa viatu."

Nikatoa viatu, nikaingia, nikaiona meza. Kitambaa cheupe. Juu yake duara jekundu, duara la bluu, duara la manjano, na juu ya kila duara sufuria.

"Yaya," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, "hizi ni nini?"

"Sous-plats, ya kuweka chini ya sufuria. Meza ya komunyo inapashwa kuwa na rangi, si ndiyo? Zako zilikuwa zinalala tu mu kabati."

"Na zile nyeusi?"

"Nyeusi? Ku komunyo? Alors batu baseme tuko mu matanga?"

Nyeusi, ambazo sikuwahi kuzijali, zilikuwa salama kabatini. Ya kijani ilikuwa mbele ya padri, chini ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, iliyotoka motoni sasa hivi. Mimi sufuria nazijua. Mtu aliyezisugua kwa miaka anajua kitako cha sufuria ya moto kinaifanyia nini plastiki.

Nikaisogelea, lakini padri akasimama kubariki chakula. Aliwaombea maaskofu. Aliwaombea wasafiri, wagonjwa, wenye nyumba wapunguze kodi. Ukingo wa kijani ulikuwa unainuka polepole, kama jani linalokauka. Alipoanza kuwaombea viongozi wa nchi yetu nilijua hatutatoka pale leo. Nikafungua tai yangu ya hariri, nikaizungushia vipini vya sufuria, nikainua.

Kijiko cha dada kilinishukia mkononi.

"Miaka yote Bulaya, na diplôme juu, na haujajua kungoya amina?"

"Yaya, ni yaya mukubwa eko chini ya sombe!"

Padri alifumbua jicho moja. Maman mmoja wa kwaya alirudisha kiti chake nyuma taratibu, akachungulia chini ya meza.

Ikabidi nieleze yote: ukumbi, gitaa, sauti. Dada alinisikiliza kijiko kikiwa bado hewani.

"Sauti yake iko mule?"

"Iko. Ilikuwa."

"Na haukunisemea? Ulimufunga yaya mu nailoni, na miye kila Toussaint, tukiombea marehemu, nalia sababu nasahau namna alikuwa anasema?"

Nikaanza kumweleza kanuni za wakusanyaji. Sikufika mbali.

"Cheza," akasema.

Tuliiosha kwa sabuni ya vyombo. Ilikuwa imejikunja kama jani la kabichi. Nikaiweka kwenye mashine mpya juu ya kabati la vyombo, nikawaeleza wageni, kama msomi, kwamba sindano ikipanda na kushuka mlima, sauti nayo hupanda na kushuka.

"Kaa kimya, bwana diplôme."

Gitaa zilitoka kama mbuzi wanaovushwa mto. Padri alisema ni muziki mzuri, Mungu amsamehe. Kisha gitaa zikakoma, na ndani ya ule ukimya, ikiyumba, ikizama na kuibuka, ikaja besi ya kaka:

"Baaatoto... mulikulaaa?"

Ilikuwa yeye kabisa. Jioni ile alikuwa amekunywa, na hivyo ndivyo alivyosema kweli, sauti ikienda mrama pamoja na miguu. Santuri iliyonyooka ingemsingizia kwamba hakulewa.

Dada aliziba mdomo kwa aproni. Mabega yalitikisika, sikujua kwa kucheka au kwa nini. Halafu akaigeukia mashine.

"Bado, yaya," akaijibu. "Mudogo wako anatukataza."

Akakamata ile sufuria ya sombe, akaiweka juu ya santuri nyeusi aliyoichomoa kabatini mwenyewe, na padri akasema amina bila kumalizia viongozi.

Ya kijani sikurudi nayo. Nilipoitaja siku ya kuondoka, dada alinionyesha mlango na sanduku langu. Mashine nayo ilibaki, maana santuri bila mashine ni ya nini. Kila Jumapili kabla ya kula anamwacha kaka aulize, na meza nzima inamjibu. Hapa Lubumbashi, anayekuja kutazama sebule yangu na kuuliza iko wapi ile ya kijani, namwambia ukweli: mkusanyiko wangu una tawi Ulaya.