Ndoo Zilizopanga Foleni

Mtaani walimwita Asilimia, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Miaka kumi na minane alizunguka na pikipiki ya ofisi ya mkoa akipima maendeleo: miti mingapi iliyopandwa imeshika, vyoo vingapi vina milango, mabomba yapi yanatoa maji. Ukimuuliza kama ameshiba, anakujibu, "Kwa asilimia tisini na mbili."

Kupima bomba kuna utaratibu wake. Unashuka, unafungua koki, unahesabu mpaka kumi, ndipo unaandika. Wafanyakazi wapya aliwafundisha hivyo kwa ukali, utadhani koki kazibuni yeye. Lakini siku ile jua lilikuwa kali na mitaa sita ilikuwa bado. Kwenye bomba la mtaa wa shangazi yake aliona ndoo kama thelathini zimepanga foleni. Akajiambia, watu hawapangi ndoo pasipo maji. Akaandika "maji yapo" akiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma, akaenda zake.

Mwezi uliofuata ramani ya mkoa ikabandikwa ukutani ofisini, mtaa ule umepakwa rangi ya kijani. Mkubwa wake akampa mkono mbele ya watu, naye akavimba kichwa. Mafundi na gari la maji wakapelekwa kwenye mitaa iliyopakwa nyekundu.

Jumapili akaenda kumsalimia shangazi, aliyemlea tangu ana miaka minne. Alimkuta anaosha vyombo kwa maji yaliyogeuka kijivu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, una kiu wewe."

Akainamisha dumu mpaka likakaribia kulala chini, akapata glasi moja, akampa.

"Bomba mwezi wa tatu huu halitoi hata tone," alisema. "Tumekwenda kuomba gari la maji, tumeambiwa mtaa wetu una maji. Imeandikwa."

"Lakini pale bombani kuna ndoo, shangazi."

"Tunaziacha zitushikie nafasi, maji yakirudi tusikose. Ile ya njano, ya tatu, ni yangu."

Alitamani ardhi ipasuke. "Ni mimi niliyeandika."

"Najua. Nilikuwa hapa kibarazani nakupungia mkono. Nikawaambia majirani, huyo mwanangu, sasa tumepona."

Hakuweza kunywa. Aliirudisha glasi, na shangazi akayamimina maji ndani ya dumu taratibu.

Asilimia akatoka kwa miguu mpaka bombani. Majirani walikuwa wamekaa milangoni, na hakuna aliyemsalimu. Akasimama kando ya ndoo ya kwanza, akafungua koki, akaanza kuhesabu. Kumi ilipofika hakujua aache vipi, akaendelea kumi na moja, kumi na mbili, huku wanamtazama.