Mkoba wa Editha na paja la Maganga

Shamba la mkonge kule Kilosa lilipopata mwekezaji mwaka 1994, kitu cha kwanza ambacho mwekezaji alikiona hakina faida kilikuwa Editha. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mhudumu wa zahanati ya shamba, akifunga vidonda vya wakata mkonge na kuwavumilia wanaume wazima wakililia mama zao kwa sababu ya spiriti ya kusafishia vidonda. Alipewa barua ya shukrani na doti ya khanga iliyochuja kabla hata ya kufuliwa. Akahamia Mikumi, akafungua kibanda cha chai na mihogo kando ya lami ya malori ya Zambia.

Mwezi wake wa pili pale, lori lilipinduka na utingo mmoja akalazwa mbele ya kibanda, damu ikimruka mkononi. Watu walimzunguka, kila mmoja akiuliza nani ana glavu. Ukimwi ulishawatisha, na Editha hakuwalaumu kwa kuogopa. Ila glavu zikiwa bado zinatafutwa, kijana akafa. Editha aliwatukana wote waliokuwapo, akajitukana na yeye mwenyewe, kisha akaapa kwamba ajali nyingine haitamkuta mikono mitupu.

Madukani siku hizo kulijaa kila kitu, kuanzia biskuti za Dubai mpaka redio zenye taa za rangi, lakini kipato cha mihogo hakikufika huko. Bahati nzuri Editha alikuwa Msagara, na sokoni kulikuwa na Mnyamwezi mmoja mnene kutoka Tabora, Maganga, muuza mitumba. Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mtani akichukua chako huna pa kushtaki, na ukinuna watu watakushangaa wewe.

Basi Editha akaanza kuchukua. Kwanza mkoba wa turubai wenye mikanda miwili, halafu mashuka mawili ya maua.

"Weka chini, mtumwa wangu!" alifoka Maganga. "Shuka la Ulaya hilo, utalilalia na nani?"

"Nalikata bandeji. Na nani mtumwa? Babu yako alibeba pembe mpaka shingo ikaingia tumboni, wewe umezaliwa bila shingo kabisa."

Soko zima likacheka, Maganga akacheka kuliko wote, na mashuka yakaondoka. Suruali ya jinzi ilikwenda vilevile, ikachanwa vipande vya kuzuia damu, vyenye upana wa vidole vitatu. Editha alimjaribia Maganga kimoja palepale mkononi, akapitisha mwiko kwenye fundo na kuuzungusha.

"Unasikia nini?"

"Naona nyota, mchawi wewe!"

"Basi inafanya kazi."

Kashindye fundi cherehani, Mnyamwezi mwingine, alipoteza mkasi. Mpima mahindi, naye mtani, alipoteza kalamu ya kuandikia magunia. Glavu zilikuwa mifuko ya plastiki ya rambo, ikifungwa kwenye viganja kwa mpira wa baiskeli. Mikumi nzima ilimcheka Editha na mkoba wake, naye hakujali.

Julai ya 1996, saa tisa alasiri, Lazaro wa pikapu ya nyanya alifunga breki mbele ya kibanda. Lori la mitumba limeanguka ndani ya hifadhi, alisema, dereva alimkwepa ngiri. Ngiri hana hata mkwaruzo. Maganga alikuwa amekaa juu ya marobota.

Walimkuta amelala kwenye majani, bodi ya lori imemchana paja na damu inaruka kwa mapigo. Editha alivaa rambo zake, akafunga kipande cha jinzi juu ya kidonda, akapitisha mwiko na kuuzungusha mpaka Maganga akapiga ukelele uliowakimbiza nyani. Damu ikasimama. Akachukua kalamu ya magunia na kumwandikia saa kwenye paji la uso, ili daktari ajue mguu umefungwa tangu lini.

"Unaniandika kama gunia?"

"Gunia lina adabu. Halipigi kelele."

Wakampakia juu ya nyanya. Ulikuwa mwendo wa nusu saa mpaka hospitali, na Editha alijua kwamba Maganga akisinzia huenda asiamke. Kwa hiyo akaanza kumfanyia msiba wake mapema, kama watani wafanyavyo makaburini. Akaigiza anavyotembea, anavyokoroma, anavyowauzia wanawake sidiria kwa kuzipima kwenye kichwa chake mwenyewe. Maganga alijibu kila tusi. Kisha akawa anajibu moja moja. Midomo ikapauka, mkono wake ukawa wa baridi, na Editha akaona matusi yamemwishia. Aliogopa. Miaka miwili alikuwa amemnyang'anya mtu huyu vitu, na hakuna mtu Mikumi ambaye Editha alimpenda kuliko yeye. Akamshika mkono.

"Pole, kaka yangu," alisema taratibu. "Jikaze. Mungu yupo."

Macho ya Maganga yakafunguka kwa hofu. Hata lori lilipokuwa linaanguka hakuwa na macho yale.

"Umeniitaje?"

"Kaka."

"Editha, nakufa?" Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Mbona umekuwa na adabu? Nitukane! Nakuomba, mtani, nitukane!"

Editha alilia kidogo, akafuta makamasi kwa ukingo wa khanga, akaanza kumtukana kuanzia bibi yake mzaa baba. Alishuka na ukoo ule mtu mmoja mmoja, na pikapu ilipoingia getini hospitali Maganga alikuwa bado anambishia kuhusu mjomba.