Kilio cha Baba Kwenye Simu

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Shule niliacha nilipomaliza darasa la nane, na mkono wangu huandika polepole. Kuongea mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa, kwa hivyo nimeona afadhali niandike.

Tunaishi Makongeni, baba, dada yangu na mimi. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Dada ana jina la shosho, yaani nyanya yetu, na tangu akiwa mdogo baba alimwita Mami, kwa heshima, kama mtu anayeongea na mama yake mwenyewe.

Dada huuza mitumba na kuionyesha kwa video. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika simu, kwa sababu anayeishika haonekani. Zile video za nguo zilitazamwa na majirani na marafiki wake wachache, basi.

Siku tuliyomzika shosho, baba hakulia mbele ya watu. Wageni walipoondoka aliingia jikoni kwa shosho, akakaa kwenye kile kiti chake kifupi, akamshika dada mkono, na hapo akalia.

"Mami," akamwambia, "sasa nimebaki na wewe tu."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nikirekodi tangu asubuhi na sikuacha.

Dada aliiweka ile video mtandaoni kwa huzuni ya kweli. Alitaka watu waone vile shosho alipendwa. Kufikia Jumapili ilikuwa imefika kwa watu wasiotujua wala kujua desturi yetu. Walimcheka mzee mzima anayelia akimwita msichana mama. Wengine waliigiza kilio chake, na maigizo yao yakaenda mbali zaidi. Nilimwuliza dada kwa nini nguo zetu hazijawahi kufika hata Ruiru hapa karibu. Akasema wenye mtandao hawajali ni nini, bora mtu akae akitazama, ndio matangazo yao yapite katikati. Katikati ya kilio cha baba lilipita tangazo la sabuni.

Baba ni fundi wa mawe. Wakati huo alikuwa kwenye jengo moja huko Mugutha, na wenzake wakaanza kumwita kutoka juu: "Mami, leta simiti!" Alivumilia wiki moja, akaacha, akapata kazi nyingine upande wa pili wa Ruiru. Hata huko walikuwa wameiona.

"Nimeifuta, baba," dada alimwambia.

"Na ile iko kwa simu zao?"

Tangu siku hiyo baba hamwiti Mami. Akitaka chai huuliza tu kama iko, bila kumwita mtu. Dada hujibu kwamba iko, halafu husimama kidogo na birika mkononi kabla ya kumimina, akingoja.

Mwezi uliopita nilimwambia baba kwamba aliyeshika simu ni mimi. Ilinichukua siku nyingi kupata nguvu. Alikuwa akifunga kamba za viatu, na hakuinua kichwa.

"Nilikuona," akasema. "Nilifikiri unatuwekea sisi wenyewe."

Akamaliza kufunga, akaenda kazini. Mpaka leo sijamjibu.

Wewe unayesoma, kama mzazi wako aliwahi kuchekwa hivi kwa sababu yako, na akakubali tena kulia mbele yako, tafadhali niandikie unieleze ulianza kwa kusema nini. Hata mistari miwili.