Mchanga Ndani ya Bomba

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema hata nikipewa maji ya kunywa nayanusa kwanza, na hasemi uongo. Lakini niliendesha pikapu ya chama cha msingi cha kahawa miaka ile mkoa wetu ulipokuwa ungali unaitwa Ziwa Magharibi, na kazi ile haikumfaa mtu wa kuamini amini. Breki zinadanganya. Barabara zinadanganya zaidi, hasa za Muleba baada ya mvua, pale udongo unapoonekana mgumu kumbe chini umekwisha liwa na maji.

Ndivyo tulivyompoteza shemeji yangu. Alikuwa utingo wangu, mtu mzima mwenye watoto, mdogo wa mke wangu. Tulikuwa tunateremka na magunia ya maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, ukingo wa barabara ukamomonyoka na gari likabiringika. Pikapu ile juu ilikuwa na turubai lililoshikiliwa na vyuma vyembamba, na vyuma vile vilijikunja kama majani ya mgomba. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye, aliyekuwa nyuma juu ya magunia, tulimtoa amekwisha kufa.

Baada ya matanga mke wangu aliniambia, "Baba watoto, gari hilo likirudi barabarani jinsi lilivyo, mimi narudi kwetu." Sikubishana naye. Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu, kwamba gari lile lisimwue mtu mwingine.

Katibu wa chama aliniruhusu kulijengea kizimba cha chuma, mradi nisimwombe kitu. Fundi wa kuchomelea pale mjini Bukoba alitaka tutumie mabomba ya maji. Nikakataa. Bomba la maji ukuta wake ni mwembamba, tena limepakwa zinki, na moshi wake ukilichomelea unakulaza na homa. Halafu nilijua watu wangesema nini: vijiji vipya vilikuwa vinangoja mabomba ya maji, na mimi ningeonekana napita nayo juu ya kichwa changu. Nilikwenda kuomba mabomba ya zamani ya mvuke yaliyokuwa yamelala nyuma ya ghala moja la kukoboa kahawa. Hayo yalikuwa mazito, na ukiyagonga yanalia kama kengele ya kanisa.

Ramani niliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Matao matatu: moja kwenye kioo cha mbele, moja nyuma ya kiti, moja mwisho wa bodi. Miguu yake isikanyage bati, maana bati litatoboka. Ishuke mpaka kwenye fremu ya gari, ikae juu ya sahani za chuma, bolti zipite hadi chini. Mke wangu aliangalia ile michoro akaniuliza nitajuaje kama itashika. Nikamtengenezea mfano kwa vijiti vya mikahawa na kamba za mgomba. Akauegemea kwa mkono, ukalala ubavu. Nikatia kijiti cha mshazari kutoka kona hadi kona. Akaegemea tena, safari hii kwa hasira, na nilijua anamfikiria ndugu yake. Mfano ukalia lakini haukulala. "Basi tia mshazari kila mahali," akasema, akarudi kumenya ndizi.

Fundi alikuwa mwepesi wa mkono, na wepesi wake ulinitia wasiwasi. Nilimwambia aunganishe vipande viwili vya takataka, kisha nikavipiga nyundo mpaka vikakatika, nione vinakatikia kwenye kiungo au pembeni yake. Vilikatikia pembeni, maana yake kiungo kilishika. Alinuna kutwa nzima. Hata hivyo kila kona nilimtaka aongeze kibamba cha pembetatu, kwa sababu kiungo kilichoachwa peke yake ni cha kutiliwa shaka.

Kazi ngumu ilikuwa kukunja. Bomba tupu ukilipasha moto na kulikunja linabonyea. Inabidi ulijaze mchanga, uushindilie, uzibe ncha kwa vigingi vya mti, ndipo ulipeleke kwenye makaa na mivukuto. Na mchanga uwe mkavu kabisa. Ukiwa na maji, mvuke wake utarusha kile kigingi kama risasi. Basi nikachota mchanga pale ufukoni Bukoba, nikaupeleka nyumbani Kagondo, na mke wangu akaukaanga kwenye chungu kikubwa uani, akiukoroga kwa mwiko.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu mzima anayekaanga mchanga mchana kweupe, huku mumewe anajenga kizimba! Wengine walisema ni uchawi wa kulipiza kifo cha shemeji. Wengine, na hao ndio waliokuwa wengi, walisema kizimba ni cha kuwabebea wanaokataa kuhamia vijiji vya ujamaa. Gari lilipokwisha, nikaanza kupita Izimbya na Rubafu, niliona watu wakiingia ndani ya vibanja vyao vya migomba wanaposikia injini. Jumapili kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika. Iliniuma, sitasema haikuniuma.

Mchanga haukutoka wote. Ule wa kwenye kona uliungua ukagandamana na chuma, na baada ya safari chache za mashimo ukaanza kuachia. Gari likitikisika, ndani ya tao la nyuma ukasikia chaka, chaka. Miguu ilikwisha chomelewa kwenye sahani, kwa hiyo hakukuwa na pa kuumwagia.

Barabara ya Rubafu ilikuwa na kizuizi cha mgambo, kwa sababu kule kuna ziwa, kuna mitumbwi, na kahawa ilikuwa inavuka kwa magendo kwenda Uganda. Kamanda wao alikuwa mkulima wa hapohapo, mtu mrefu aliyevaa kofia ya kijani hata wakati wa jua kali. Aligonga lile tao kwa fimbo yake. Akasikia. Akapanda kwenye bodi, akalitikisa gari kwa uzito wa mwili wake, akasikiliza tena.

"Ndugu dereva, humu mna nini?"

"Mchanga, Ndugu Kamanda."

"Mchanga." Akawageukia wenzake, wakacheka. "Waitu, ndugu yangu, mimi nimezaliwa chini ya mkahawa. Sauti hii unaniambia ni mchanga?"

Nisimwonee. Kwetu kila mtoto anajua kupima kahawa: unachukua maganda kiganjani, unayatikisa karibu na sikio, mbegu ikicheza ndani imekauka. Na sauti ya bomba langu ilikuwa hiyohiyo. Kama ningekuwa mimi ndiye mwenye fimbo, nami nisingekubali.

Akaagiza msumeno wa chuma. Nilimsihi twende wote mjini kwa fundi, afungue mguu wa tao aone, na chuma kisiharibike. "Ili uimwage kahawa njiani?" akauliza. Nikamwambia basi kata, lakini kata nguzo, usikate kwenye kona, maana gari likilala uzito wote unafikia pale. Ningenyamaza tu. Nilipotaja kona, macho yake yalikwenda pale pale, na msumeno ukafuata. Nilisimama nikiangalia meno ya msumeno yakila kazi yangu.

Ukamwagika mchanga, kiasi cha ukufi. Akausugua kwa vidole, akaunusa, akaonja.

"Kahawa umekwisha ishusha," akasema. "Huu mchanga ni wa kuua harufu."

Aliniachia kwa kukosa ushahidi, nikarudi mjini na tao lililokatwa. Fundi hakuwa na vijiti vya kuchomelea, na Bukoba nzima haikuwa navyo. Nikaifunga ile kona gango, kama mtu aliyevunjika mkono: vyuma vya pembe viwili, bolti, na waya uliokazwa kwa koleo. Nilimwomba katibu gari lipumzike. Akasema kahawa haipumziki. Kwa hiyo niliendelea, ila upande ule wa kushoto nyuma nilipanga magunia tu, na mtu akiomba kukaa pale nilimfukuza.

Siku moja ya mvua, mchana, tulikuwa tunatoka Rubafu bila mzigo. Mke wangu alikuwa nyuma kwenye bodi. Tulikuwa tumekwenda kumwona mama yake, na tangu kifo cha ndugu yake alikuwa hakai mbele, bali pale nyuma alipokaa yeye. Kwenye kizuizi kamanda alisimama katikati ya barabara, kofia mkononi. Nilidhani amekuja na msumeno wake.

"Waitu, mke wangu ana uchungu tangu asubuhi," akasema. "Mkunga amesema hospitali. Nisaidie."

Wakamleta kwenye machela, analia "Mawe! Mawe!", anamwita mama yake kwa Kihaya. Tukamlaza kwenye godoro upande wa kulia, mke wangu akamshika kichwa. Kamanda akapanda, akataka kujibana pale kulia karibu na miguu ya mkewe. Mke wangu akamwonyesha kwa kidole ile kona yenye gango.

"Ndugu Kamanda, wewe kaa hapo. Ndipo ulipokata."

Aliangalia juu, kwenye waya na zile bolti. Akaniangalia mimi. Sikumsaidia. Akakaa.

Niliendesha kama nimebeba mayai, na bado udongo ulinidanganya. Kabla ya kufika Kagondo tairi za kushoto zilizama ukingoni, gari likainama, likasita, likalala kwa ubavu wa kushoto ndani ya mtaro. Nilisikia chuma kikilia juu yangu. Halafu nikasikia mvua tu, na nikaogopa kuita. Nilikuwa nimewahi kuita mara moja bila kujibiwa.

Mke wangu ndiye aliyeita. "Tuko wazima! Tuko wazima wote!" Nikatoka kupitia dirishani. Mama mjamzito alikuwa mapajani mwake, anatukana ukoo mzima wa mumewe. Kamanda alikuwa amekaa kwenye matope, magoti kifuani, tao limejikunja juu ya kichwa chake kwa nafasi ya kiganja. Gango lilishika. Mchanga uliobaki ulikuwa unadondoka kidogo kidogo kwenye mabega yake, naye hakuupangusa.

Watu walitoka vibanjani, walewale waliokuwa wakinikimbia, wakalisimamisha gari kwa nguzo na kamba. Mtoto alizaliwa hospitali jioni ile, wa kike. Mke wangu alimbeba wa kwanza, akalia sana, na nilijua kilio kile kilikuwa cha nani.

Wiki hiyohiyo kamanda alikuja gereji na furushi la vijiti vya kuchomelea, vimefungwa kwenye gazeti la ng'ambo ya mpaka. Mimi, mtu wa kushuku, sikuuliza kavipata wapi. Tulichomeka bomba jembamba ndani ya lile lililokatwa, tukachomelea juu yake, tukaongeza vibamba. Alishika chuma kwa mikono yake fundi alipokuwa akifanya kazi. Nikamfundisha kugonga: chuma kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka.

Nilipopita tena Rubafu, gari limejaa kahawa, alinisimamisha. Akazunguka nyuma na fimbo yake, akagonga ile kona, akainamisha sikio. Mchanga ulikuwa ungalimo, ukacheka humo ndani. Akagonga mara nyingine.

"Kinalia vizuri," akasema. "Pita, waitu."

Nilikwenda hadi nyuma ya kona ya barabara ambako hawezi kuniona, nikasimamisha gari, nikashuka, nikaigonga mwenyewe ile kona ya tao.