Anifa na Samaki Aliyepauka

Anifa Mabruki hakuniibia samaki. Naanza na hilo kwa kuwa nilijaribu kulisema kwa mdomo likanishinda, na asiyekuwa na muda wa kusoma yote basi aondoke na hilo peke yake.

Jina langu Idrisa. Natengeneza matangi ya vioo ya kufugia samaki wa mapambo, hapa Tabora mjini, mtaa wa nyuma ya soko. Zamani nilikuwa fundi madirisha. Samaki naletewa kwa treni kutoka Kigoma, wamefungwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, na hufika wamechoka kuliko abiria. Kwa miaka sita Anifa ndiye aliyewapokea, akawalisha na kuwabadilishia maji. Mimi nilijua vioo. Samaki aliwajua yeye.

Alikuja kwangu akiwa mjane, kanizidi miaka minane, baada ya kuchoshwa na moshi wa vitumbua. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo tulikuwa watani tangu siku ya kwanza, kama babu zetu waliokutana njiani na mizigo kichwani wakienda pwani. Aliniita mpagazi, nami nilimwambia kwao hawajui kazi ila ngoma. Wasioujua utani wa huku niwaeleze kidogo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwenye kaburi la ndugu yako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wewe huruhusiwi kununa, na ukinuna, aibu ni yako.

Anifa alikuwa akigeuza ndoo, anakalia, anatazama tangi mpaka chai yake inapoa. Siku moja niliona samaki jike kavimba mashavu na hagusi chakula. Nikadhani anaumwa, nikataka kumtia chumvi. Anifa akanishika mkono.

"Muache, amefunga," akasema. "Utakula wapi wewe, mdomo umejaa watoto?"

Nikamcheka. Baada ya wiki tatu hivi yule samaki alifungua mdomo, wakamtoka watoto wadogo kama punje za mchele. Anifa aliposogeza kidole kwenye kioo, wote wakakimbilia mdomoni tena. Sikucheka siku hiyo, lakini sikumwambia pia kwamba alikuwa sahihi. Ndivyo nilivyo.

Kitu kimoja nisisahau, maana ndicho chenye uzito. Mtaa mzima ulimwachia Anifa funguo. Shaban fundi cherehani akipata msiba Nzega, ufunguo kwa Anifa. Katarina muuza vitenge akienda kwa binti yake Urambo, ufunguo kwa Anifa. Alizifunga kwenye kamba, akaichomeka kiunoni ndani ya kanga, na akitembea ulimsikia kabla hujamwona. Hakuwa na nyumba yake wala shamba. Kuaminiwa ndiyo mali aliyokuwa nayo, na mtaa wote ulilijua hilo.

Basi Damas, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, akaja kutafuta samaki wa kuweka mapokezi. Wakati huo nilikuwa na dume mmoja tuliyemwita Bwana Harusi. Alikuwa buluu ya kung'aa, mstari mweusi umempita jichoni. Alikuwa amejichimbia shimo kwenye mchanga, akiubeba kwa mdomo kidogo kidogo, na majike wakipita anatetema mwili mzima mbele yao. Madume wengine walikuwa wa kijivu, huwezi kuwatofautisha na mama zao, na wakisogea anawafukuza. Damas akampenda papo hapo. Ila mchanga hakuutaka. Alitaka chini pawe na vigae vyeupe, pasafi, kama bafu la wageni.

Nikautoa mchanga wote na mawe yake, nikaujaza kwenye ndoo, nikapanga vigae. Anifa alisimama nyuma yangu.

"Mtani, huyo ukimnyang'anya shimo lake atapauka. Dume asiye na kwake hana rangi."

"Wewe lisha tu," nikamjibu. Kesho yake nikapanda treni kwenda Kaliua kwenye matanga ya shemeji yangu.

Niliporudi siku ya nne, tangini hamkuwa na samaki wa buluu. Walikuwamo samaki saba, wote wa kijivu. Na niliwaacha saba. Hata hesabu hiyo haikunizindua. Nikaamua moyoni kwamba Anifa kamuuza Bwana Harusi na kuziba nafasi kwa kijivu mmoja kutoka tangi la nyuma.

"Ni huyo hapo," akaniambia, kidole kwenye kioo. "Tazama mkia wake, una pengo."

Sikutazama. Mtu mwenye adabu angemkalisha chini ndani ya duka na kumuuliza, au angekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi niliogopa kuulizwa ushahidi, maana sikuwa nao. Nikangoja alasiri, watu wamejaa kwenye baraza la Shaban wanakunywa kahawa. Anifa alipopita nikapaza sauti.

"Jamani, chungeni vitu vyenu. Huyu Mzaramo kanilia samaki wa buluu, kaniachia wa kijivu. Kikulacho ki nguoni mwako!"

Baraza likaangua kicheko. Anifa akasimama akanitazama. Ametaniwa tangu utoto wake, anaijua sura ya mtu anayetania, na yangu haikuwa hiyo. Lakini afanye nini? Neno la mtani halijibiwi kwa hasira, halipelekwi kwa mwenyekiti, wala haliapiwi kwa msahafu. Akacheka.

"Alikuwa mtamu, mtani," akasema, "ila umenirudia mapema, sijamalizia kichwa."

Wakacheka zaidi. Nami nikaenda nyumbani nimeridhika. Nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya watu, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kunidai maelezo.

Shaban ndiye wa kwanza kuchukua ufunguo wake. Alisema kwa kicheko, "Nipe, mtani wa Idrisa, kabla cherehani yangu haijageuka rangi." Katarina alituma mtu. Wengine hawakutania hata kidogo, walisema wamebadilisha kufuli. Haikupita wiki mbili, kamba ya Anifa ikabaki na ufunguo wa chumba chake tu. Kwangu aliacha kazi bila neno. Nilikuta ufunguo wa duka juu ya mfuniko wa tangi. Nikasikia anauza uji Kitete, nje ya hospitali, kwa watu wanaouguza.

Damas hakuchukua kijivu. Mwezi uliofuata nilihitaji ile ndoo, basi asubuhi nikaumwaga mchanga tangini ili niipate. Kabla ya adhuhuri kijivu mmoja alikuwa anachimba. Mchana mstari mweusi ukampita jichoni. Ilipofika alasiri alikuwa buluu, anatetema mbele ya majike, anafukuza wenziwe. Nikainama nikatazama mkia. Una pengo.

Nilikaa sakafuni. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto, na hakuwepo mtu wa kuniona.

Asubuhi nikaenda Kitete. "Shikamoo, dada Anifa," nikasema.

Akaacha kukoroga. "Marahaba. Leo huna tusi?"

Nikamweleza yote: ndoo, mchanga, mkia. Alinisikiliza huku akimimina uji kwenye vikombe vya watu.

"Mimi nilijua," akasema. "Nijibu moja tu. Siku ile ulikuwa unatania?"

"Sikuwa natania."

"Basi usiniombe radhi mimi hapa kwenye uji. Kawaambie waliocheka."

Alasiri hiyo nikasimama mbele ya baraza la Shaban. Watu walikuwa walewale. Anifa naye alikuja, akasimama ng'ambo ya mtaro na ndoo yake tupu ya uji.

"Anifa hakuiba," nikasema. "Nilimsingizia. Samaki yupo. Alikuwa kijivu, sasa amerudi buluu."

Shaban akaweka kikombe chini. "Alikuwa kijivu, amerudi buluu! Mtani kakulisha nini?"

"Uji wa Kitete huo," mwingine akadakia, na baraza zima likalipuka.

"Nasema kweli," nikasema. Wakazidi, maana hayo ndiyo maneno ya kila mtani. Shaban alikuwa anafuta machozi. Ningeweza kuapa. Ningeweza kumshika mkono mmoja mmoja nikampeleka dukani akaone. Badala yake nilizitazama nyuso zile, zote zimenigeukia kwa furaha, zinaningoja mimi, nikahisi mdomo wangu unafunguka. Nikacheka nao.

Anifa aliniona. Akangoja kidogo, labda nitamaliza na kusema tena. Nilipokaa na kupewa kahawa, naye akacheka, kwa kuwa mtani hanuni, akainua ndoo yake akaenda zake.