Msambi Aliyeachwa Kuwa Mbegu

Harufu ya tope la kinamasi ndiyo inayonirudisha Idjwi: tope bichi, mafunjo yaliyokatwa, na juu yake moshi wa ndizi jikoni. Sisi watoto wa Katoyi, mtaa wa Goma, tulizaliwa juu ya mawe meusi ya volkano, yanayokata viatu na magoti bila upendeleo. Kwa hiyo likizo ile ndefu niliyopelekwa kisiwani kwa Koko, mama mzazi wa baba yangu, nilishangaa kuona udongo mwekundu unaokubali jembe. Boti ya mbao yenye injini ya kukohoa ilitumia siku nzima kutufikisha. Kisiwa hakikuwa na gari wala umeme. Kilikuwa na vilima, migomba, kahawa, na ziwa lisilo na mamba hata mmoja, jambo nililouliza mara mbili kabla ya kuoga.

Bondeni, chini ya nyumba ya Koko, waliishi misambi wawili, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Usiku walilala juu ya mti, mbali na mbwa. Asubuhi dume alianza kulia na jike akamalizia. Sauti ya mmoja peke yake ilikuwa nusu tu ya wimbo. Kisha wakainamiana, wakaruka, wakatandaza mabawa. Koko, mjane wa siku nyingi, alisimama na jembe begani akiwatazama kama mtu aliyealikwa harusini. Hakuna aliyelima ukingo wa kinamasi kabla ndege hao hawajatoa vifaranga wao kwenye mafunjo.

Papa mdogo, kitinda mimba wa Koko, alitaka mabati. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na jirani alikuwa ameshaezeka. Mnunuzi mmoja ufukweni akamwambia kwamba wenye nyumba nzuri za Himbi, kule Goma, wanapenda misambi watembee kwenye bustani zao. Koko alikataa. Halafu mvua ya kwanza ikapenya nyasi za paa, ikamlowesha kitandani, akalegea. Akatoa sharti moja tu, lile ambalo kila mkulima wa pale amelinyonya pamoja na maziwa: maharage hayaliwi yote, mbuzi hawauzwi wote.

"Usiuzishe yote," alisema. "Bakisha mbegu."

Kwa maharage, sheria ile haijawahi kukosea. Papa mdogo akamtega jike kwa tanzi lililomchana mguu, akaondoka naye botini, akarudi na mabati ya kutosha nusu ya nyumba. Nusu ya pili, alisema, itaezekwa na vifaranga. Mbegu si ilikuwepo?

Mbegu ilisimama kwenye tope. Ililia nusu yake, ikanyamaza kwa muda wa nusu ya pili, ikasikiliza, ikaanza tena. Haikucheza. Majirani walisema atapata mwingine; mwingine gani, na bonde zima lilikuwa la wale wawili? Koko akahamisha mkeka wake kutoka chini ya mabati, akaupeleka upande wa nyasi, kunakovuja. Siku ya kuondoka kwangu alinishika mkono ufukweni.

"Uambie papa yako amutafute, anirudishie," alisema. "Bati tutaitoa."

Baba na mimi tulipita Himbi geti kwa geti. Baba ndiye aliyenifundisha kupatana bei. Huyo angemwomba hata muuza majeneza nyongeza. Tulimpata jike wetu kwenye majani mafupi, kidonda cha tanzi kikiwa bado mguuni, akiinamia mlango wa gari uliong'aa, akimchezea ndege aliyemwona humo. Baba akaanza maneno yake matamu. Mlinzi wa geti, zamu kama tunavyowaita, alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamkamata ndege na kumkunjua bawa. Ncha haikuwepo. Si manyoya, mfupa wenyewe.

"Muzee," akasema, "hata bakupatie bure, usiku atapanda muti na nini? Mbwa itamukula."

Nikasema tumchukue hivyo hivyo. Baba akajibu kwamba Koko ameshampoteza mara moja, asije akampoteza mara mbili. Akamtumia salamu kwamba ndege anakula vizuri. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, dume hakuonekana tena bondeni. Koko alifia upande wa nyasi.

Leo boti ya kasi inakwenda Idjwi na kurudi kabla chai haijapoa. Kinamasi kimekauka, pamelimwa kabichi, na vilima vinametameta mabati na taa za jua. Sibezi, mananasi ninayouza yananifikia mazima. Lakini juzi niliyapeleka nyumba moja ya Himbi, geti likafunguliwa, nikamwona msambi mzee mwenye kovu mguuni, amesimama ameelekea ziwa. Nilimuuliza zamu, kijana mpya, kama ndege huyo hulia.

"Huyu?" akacheka. "Tangu nifike hapa hajalia hata siku moja, mama. Ni bubu."

Kwa kawaida mimi hubishana hata pale ninapojua nimeshindwa. Siku ile nilibeba kikapu changu nikatoka. Si bubu yule. Ni kwamba wimbo wao yeye hakuwa wa kuuanza. Alikuwa wa kumalizia, na bado anangoja aanziwe.